Maswali ya wasomaji: Unahama? Chumbani na bafuni pakia mwenyewe

Mwezi huu maswali ya kuhama nyumba yamekuwa mengi kuliko hata ya ndoa, nimechagua yanayohusu chumba cha kulala na bafu manake huko ndiko watu wanakopakia mwishoni kabisa, usiku, wameshachoka, kila kitu kinarushwa kwenye salfeti moja, alafu ukifika ndo vitu vya kwanza utakavyovitaka. Makochi na tivii vinaweza kukaa wiki nzima havijapangwa na mkaishi tu. Godoro, chandarua, taulo, dawa na sabuni usiku ule ule vinatakiwa.

SWALI: Shikamoo shangazi. Tunahama Jumamosi kutoka Tabata kwenda Goba, mume wangu kashaongea na mtu wa kirikuu na vijana wawili wa kubeba. Jikoni nimeshafunga ila nikiingia chumbani nachoka kabla sijaanza, nguo zetu, za watoto wawili, mashuka, kitanda cha 5 kwa 6, makaratasi, yaani sijui nishike lipi niache lipi. Mume anasema tuwaachie vijana wafunge wenyewe wamezoea. Niwaachie? – Mama wawili, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiwaachie. Kubeba wabebe, ndo kazi yao na wanaijua, ila kufunga vitu vya chumbani ni kazi yako na mumeo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kijana anayelipwa kwa tripu anataka amalize akapate tripu nyingine, hajui kwamba droo ya chini ina kadi ya kliniki ya mtoto na wala sio juu yake kujua. Alafu kuna nguo zako za ndani, kuna vitu vyenu vya mke na mume, hivyo havishikwi na mtu wa nje, nakwambia kama mwanangu.

Anza na makaratasi, na uanze leo, usingoje Ijumaa. Nyumba zetu nyingi kila kitu cha maana kinafichwa chumba cha kulala: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, vyeti vya shule, mkataba, risiti za kodi, karatasi za kiwanja kama mnacho, vingine chini ya godoro, vingine juu ya kabati kwenye mkoba wa zamani ambao mtu akiuona anadhani ni wa kutupa. Inua godoro uangalie. Toa droo nzima nje uchungulie nyuma yake, karatasi huwa zinadondokea huko. Pitisha mkono kwenye mifuko ya makoti na suruali ambazo hazijavaliwa siku nyingi. Vyote hivyo na dhahabu zako weka kwenye begi moja la zipu, na hilo begi halipandi kirikuu, utakaa nalo mapajani mpaka mlango wa Goba.

Kitu cha pili ni begi la usiku wa kwanza. Shuka, foronya, khanga mbili, taulo za wote, nguo za kulalia, nguo za kesho yake, sare za watoto kama Jumatatu shule ipo, miswaki na dawa ya meno, sabuni, pedi, toilet pepa, taa ya kuchaji, chaja za simu, spana ya kitanda. Na chandarua, tena weka pamoja na kamba zake, misumari minne na nyundo, manake chandarua bila kamba usiku wa saa nne mnaanza kutafutana ubaya bure. Nyumba mpya hujui nyavu za madirisha zikoje, mbu wa Goba hawatawapa siku ya kupumzika. Kama utakifua kabla ya kuhama tumia sabuni ya kawaida alafu anika kivulini, jua kali linapunguza nguvu ya ile dawa iliyowekwa. Begi hili lipande gari la mwisho lishuke la kwanza. Na beba dumu mbili za maji kutoka mnakotoka hata kama dalali kawaapia kwamba maji yapo, mtafika na vumbi mwili mzima na watoto wanataka kuogeshwa.

Nguo zilizo kwenye hanga usizitoe. Kusanya kumi kumi, funga shingo za hanga kwa kamba, zivishe shuka kuanzia mabegani mpaka chini alafu piga fundo kwenye pindo, ukifika unatundika na kazi imeisha. Zilizokunjwa ndo ziingie kwenye yale mabegi ya shangazi kaja, ila usishindilie, jaribu kuliinua mwenyewe, ukiona wewe umeshindwa ujue na zipu nayo itashindwa. Kabati liondoke tupu. Makabati mengi ya siku hizi ni ya vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, likibebwa na nguo ndani skrubu zinatanua matundu yake na baada ya hapo hazishiki tena, milango inaninginia maisha yote. Mablanketi na mashuka mazito usiyape begi lake, yatumie kufungia kioo cha dresing tebo, pasi na feni.

Kitanda kifunguliwe Jumamosi asubuhi mkiamka, msilale chini Ijumaa bila sababu. Kabla mumeo hajashika spana apige picha kila kona kwa simu, alafu achukue maka peni aandike namba, mfumbati wa kulia na upande wake wa kichwani viwe na namba moja, wa kushoto namba mbili, hivo hivo. Bolti, nati na washa zote ziingie kwenye soksi moja, ifungwe fundo, ifungiwe kwenye mfumbati wenyewe, usiziweke mfukoni kwa mtu. Chaga zihesabu uzifunge pamoja kwa kamba sehemu mbili. Mtakavyochoka Jumamosi usiku, kitanda chenye namba kinasimama bila kelele.

Sasa godoro. Kirikuu zile ndogo za Kijapani sheria ya kwao inataka gari zima lisizidi upana wa mita 1.48 na mzigo usizidi kilo 350. Futi 5 ni mita 1.52. Yaani godoro lenu ni pana kuliko gari lenyewe, likilazwa lazima litokeze au lipinde, kwahiyo lisimamishwe kwa ubavu pembeni, limevishwa nailoni yake lililonunuliwa nayo au mashuka mawili ya zamani, likae katikati ya kabati na kichwa cha kitanda lizuie visigongane. Kama ni la springi mtu asilikunje hata kwa dakika mbili, waya ukishapinda haunyooki. La sponji unaweza kulikunja kwa safari ya masaa, ila fungua kamba mkifika tu. Na hizo kilo 350 zingatia pia, msije mkapakia nyumba yote tripu moja kwa kubana hela, bora tripu mbili.

SWALI: Shangazi habari. Nakaa geto Sinza, nahamia Kimara mwisho wa mwezi. Nilivohama mara ya mwisho mafuta ya kujipaka na shampuu vilimwagikia kwenye begi la nguo, mashati mawili nikatupa. Vitu vya bafuni vinafungwaje? Alafu mifuko ya rambo siku hizi hakuna. – Kijana wa Sinza

JIBU: Nzuri mwanangu. Chupa nyingi zinazomwagika njiani zilikuwa zimefungwa vizuri tu, shida ni kwamba zimelala, gari linatingisha, jua linapiga, hewa iliyo ndani inatanuka inasukuma mafuta yanatokea kwenye mfuniko. Fungua kila chupa, futa mdomo wake kwa kitambaa kikavu, weka kipande cha nailoni juu ya mdomo, ya mkate inafaa sana, alafu rudisha mfuniko ukaze juu yake. Chupa laini ibonyeze kidogo itoe hewa kabla hujakaza, hapo ikipata joto ina nafasi ya kutanukia. Zile za pampu zungusha kichwa mpaka kishuke kijifunge, kama hakijifungi kitoe utafute mfuniko wa chupa nyingine unaoingia.

Rambo ni kweli zimepigwa marufuku Tanzania bara tangu tarehe 1 Juni 2019 lakini kwa kazi hii hata huzihitaji. Chukua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, ile ile ya kuogea, iwe kavu. Panga chupa ndani zikiwa wima, sindilia taulo kuukuu katikati zisigongane, funika. Kitu kikimwagika kinaishia ndani ya ndoo, na ukifika unatoa vitu unakinga maji unaoga. Nguo na chupa visikutane kabisa, hata ukiwa na begi moja tu duniani.

Wembe na mashine ya kunyolea vitie kwenye kopo, mtu asije akaingiza mkono akakatika. Mswaki uukaushe kwanza. Dodoki lililolowa, brashi ya choo na dekio la bafuni viache huko huko jalalani, ni vitu vya bei ndogo na havistahili kusafiri na taulo yako. Wiki hizi mbili zilizobaki usinunue shampuu wala losheni mpya, maliza ulizonazo. Kwenye makopo ya krimu kuna kialama cha kopo lililo wazi kina namba kama 6M au 12M, hiyo ni miezi ambayo krimu inafaa kutumika tangu ulipoifungua, ukiona yako umeifungua mwaka juzi itupe usihangaike kuihamisha.

Hapa naomba usome taratibu. Jik na dawa ya kusugulia sinki la choo zisikae ndoo moja. Nyingi ya zile dawa za choo zina asidi, ikichanganyika na Jik inatoka hewa ya klorini ambayo inachoma macho na mapafu, na ndani ya gari lililofungwa vioo ni hatari kubwa. Funga kila moja peke yake, ikae wima nyuma kwenye upepo, isiingie mbele mlikokaa watu. Au mpe jirani ukanunue nyingine Kimara. Spreyi za kwapa na za mbu nazo zisikae juani, makopo mengi yameandikwa yasizidi nyuzi joto 50 na bati la gari juani saa saba mchana mwenyewe unalijua. Marashi na asetoni ya kufutia kucha vinashika moto upesi, viweke mbali na jiko la mkaa ambalo vijana hupenda kulipakia likiwa bado lina moto chini ya majivu.

SWALI: Shangazi naona aibu hata kuandika. Nyumba tunayotoka Buguruni ina kunguni, tumepuliza dawa mpaka tumechoka, wanarudi. Tunahamia nyumba mpya haijakaliwa na mtu, naogopa kuhama nao. – Msomaji, Buguruni

JIBU: Aibu iweke pembeni mama, kunguni hamjui msafi wala mchafu, anafuata mtu aliyelala. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wewe ndo unayewajua wa kwako, kwahiyo una nafasi nzuri ya kuwaacha kuliko mtu anayehama nao hajui.

Dawa zinashindwa manake nyingi za dukani ni za kundi moja, pairethroidi, na kunguni sehemu nyingi duniani wameshaizoea. Usitegemee pia kwamba vitu vikikaa stoo wiki mbili watakufa njaa, mkubwa anaweza kukaa miezi bila kuonja damu. Joto ndo linalowamaliza, likifika nyuzi 50 kwenda juu na likakaa hapo wanakufa wao na mayai yao. Kwahiyo siku chache kabla ya kuhama chemsha maji, loweka mashuka, foronya, mapazia na nguo zinazovumilia, acha zikae humo kwenye maji ya moto muda wa kutosha, anika juani mpaka zikauke kabisa, na zikitoka kwenye kamba ziingie moja kwa moja kwenye mabegi masafi yafungwe na kuwekwa nje ya hicho chumba. Ukizirudisha kitandani hata usiku mmoja umefanya kazi bure. Zisizovumilia maji ya moto zipigie pasi polepole, kaza kwenye mishono na pindo, huko ndo wanakotaga.

Kitanda kifungulie uani, usikifungulie ndani. Angalia matundu ya skrubu, pale chaga inapokalia mfumbati, na nyuma ya ubao wa kichwani, ukiona vidoa vyeusi kama nukta za kalamu ya wino hayo ni mavi yao, hapo ndo maskani. Mwagia maji yanayochemka kila tundu na kila kiungo, kausha juani, rudia. Soketi na vitu vya umeme usimwagie maji. Mabegi yenyewe geuza nje ndani upige brashi kwenye zipu.

Godoro lenye vidoa kwenye mishono yote, kama mnaweza nunueni jingine lipelekwe moja kwa moja nyumba mpya. Hilo la zamani msimpe mtu, lichaneni chaneni mtu asiliokote akapeleka kwake. Kama hela hakuna, tafuta kava la zipu linalofunika godoro zima pande zote, lifungie humo kabla halijatoka na zipu isifunguliwe mwaka mzima. Nakusihi sana usipake mafuta ya taa wala petroli kwenye godoro au kitanda. Najua watu wanafanya na wanashauriana mtaani, mvuke wake unashika moto kwa njiti moja tu na watoto wanalala hapo. Dawa za shambani nazo hapana.

SWALI: Asalaam aleikum. Twahama kutoka Mji wa Kale twenda Kisauni, nyanya yangu ana samadari yake ya tangu harusi, godoro la sufi, kioo kikubwa cha fremu ya mbao, na vyetezo na mirashi. Hataki kuona kitu kimevunjika. Mahamali wasema waweke vyote kwenye mkokoteni. – Mjukuu, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, nyanya ana haki. Mkokoteni upeleke mafurushi ya nguo na ndoo, samadari itafutieni gari lenye turubai. Matendegu yakiwa ni ya kuzungusha yatoeni taratibu bila kugonga nyundo, kila moja livishwe leso nzee na kuandikwa ni la kona gani, mbao za kuchonga hazilingani hata kama kwa macho zalingana. Godoro la sufi lisiguse maji hata kidogo, sufi ikilowa yashikana mabonge na kunuka, lianikwe juani siku moja kabla na lipakiwe ndani ya turubai.

Kioo pigeni selotepu msalaba kona kwa kona, kikipasuka vipande visitawanyike, alafu blanketi, kisha kisimame wima kimefungwa na kamba. Kioo kikubwa hakilazwi chali, kila shimo la barabara lakipiga katikati. Vyetezo vimwage majivu na kaa lote usiku wa kabla, asubuhi uguse kwa mkono vipoe kabisa. Mrashi umimine marashi yake kwenye chupa yenye mfuniko, wenyewe usuuzwe ukauke, uviringishwe taulo. Udi na mafuta ya nyanya apakate mwenyewe, atakuwa na raha zaidi.

SWALI: Mama ana kisukari anatumia insulini, tunahama Morogoro kwenda Dodoma, friji litazimwa siku nzima. Tufanyeje?

JIBU: Ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 mpaka 8, iwekeni kwenye kibebeo cha barafu huku mmeiviringisha taulo isigusane na barafu yenyewe, insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Anayotumia sasa hivi, aina nyingi zinavumilia joto la kawaida lisilozidi nyuzi 30 kwa kama wiki nne, soma karatasi yake au muulize mfamasia. Iwe kwenye pochi ya mama pamoja na kipimo na kitu cha sukari, isipande lori, na isiachwe kwenye gari lililopaki juani wakati mnakula Gairo.

SWALI: Nilifunga hita ya kuogea, kioo cha bafuni na fimbo za mapazia kwa hela yangu. Mwenye nyumba anasema chochote kilichopigwa skrubu ukutani ni cha nyumba. Naondoka navyo au naacha? – Mpangaji, Mbezi

JIBU: Soma mkataba kwanza, kama umeandikwa habari ya vitu ulivyoongeza hiyo ndo kauli ya mwisho. Kama haujagusia, nenda mkaongee kabla ya siku ya gari, ukiwa na risiti zako. Mara nyingi mnakubaliana kwamba unang'oa alafu unaziba matundu na kurudisha ulichokikuta, au anakulipa kidogo unamwachia. Fimbo za mapazia pima kwanza madirisha ya unakoenda, watu wanagombana na mwenye nyumba kwa fimbo ambazo hazitoshi hata dirisha moja.

Hita usiifungue mwenyewe. Ina maji na umeme sehemu moja, mwite fundi umeme azime meni swichi, azibe nyaya vizuri na arudishe shawa ya kawaida ukutani, na mwaga maji yaliyobaki ndani kabla ya kuifunga kwenye boksi. Ulizia pia kama nyaya za nyumba mpya zinabeba hita, hizo za papo kwa papo zinavuta umeme mwingi na nyaya nyembamba zinaungua, isitoshe utaiona kwenye Luku. Ukishamaliza funga bomba zote za bafuni, piga picha za bafu na chumba vikiwa vitupu na za mita ya maji, mtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo kabla hujamkabidhi funguo.